Kadi Ikishapigwa Muhuri

Kila siku saa moja asubuhi mpima mto alishuka ngazi kumi na tisa za daraja kuu, akainama, akasoma namba kwenye ubao wa chuma uliosimamishwa majini, akaiandika kwenye daftari la idara ya maji. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo. Watu wakimuuliza kama haimchoshi, aliwajibu kwamba mto hauna maneno mengi, na yeye aliishi na mama yake.

Mama ndiye aliyemwandikisha kwenye shindano la chemshabongo la televisheni. Miguu ilikuwa imemvimba, mwaka mzima hajavuka kizingiti, na zawadi ya mshindi ilikuwa gari dogo jekundu.

"Mimi nitakaa mbele," mama alisema kabla hata fomu haijajazwa. "Wewe utaendesha. Kinyozi akae nyuma, tena anyamaze."

Kinyozi alikuwa mdogo wake mpima mto, na ndiye aliyejipa ukocha. Alipiga hesabu za duru ya mwisho kwa povu la sabuni kwenye kioo cha kazini, huku mteja akisubiri na kidevu kilichonyolewa nusu.

"Dada, nisikilize. Duru ya mwisho unaweka dau la pointi zako kabla hujasikia swali. Ukipata, unaongezewa kiasi hicho. Ukikosa, unakatwa. Sasa, ukiwa unaongoza, tamaa weka kando. Chukua pointi za anayekufuata, zidisha mara mbili, ongeza moja. Weka dau la kukufikisha hapo tu. Hata akitia zote akapata, hakugusi."

"Na nikikosa?"

"Kwani utakosa?"

Ijumaa jioni alifika duru ya mwisho akiwa na pointi elfu kumi na nne. Aliyemfuata, wakili mmoja mwenye miwani, alikuwa na elfu tisa na mia mbili. Wa tatu, mpishi wa hoteli, alibaki na elfu mbili na alishaanza kuwapungia mkono jamaa zake. Mtangazaji akataja mada: mito. Kinyozi aliruka kwenye kiti chake mpaka akaambiwa aketi. Dada yake akaandika dau, elfu nne mia nne na moja, kwa hesabu ile ya kwenye kioo. Wakili akatia zote.

"Mto unaopita chini ya daraja kuu la mji huu," mtangazaji akasoma, "huelekea upande gani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mpima mto akaandika Mashariki kwa herufi kubwa. Mpishi naye akaandika hivyo hivyo. Wakili alikuwa amehamia mjini miezi miwili tu, na aliona swali rahisi kiasi kile lazima lina mtego. Akaandika Magharibi.

Mtangazaji akageuza kadi, akaisoma kimyakimya, akarekebisha tai yake.

"Jibu sahihi ni magharibi."

"Samahani," alisema mpima mto, "mimi nimetoka kuupima leo asubuhi."

"Nakuamini kabisa, dada yangu. Lakini kadi ndiyo kadi."

Nyumbani mama alikuwa ameshazima televisheni. Alikuwa amevaa viatu, vya kutokea.

"Ulijibu nini?"

"Mashariki, mama."

"Ulijibu vizuri," mama akasema, akanyoosha miguu avuliwe viatu.

Kesho yake saa moja asubuhi mto ulikuwa unaelekea magharibi. Magugu yalipita chini ya daraja yakirudi yalikotoka, na ndala moja iliyopotea Jumatatu ilipita pia; mwenyewe akaiopoa, akashukuru. Wafuaji walihamia upande wa pili wa mawe yao. Mvushaji aligeuza pua ya mtumbwi, akalalamika kidogo kuhusu mkono wa kushoto. Mpima mto akasoma namba, akaandika, kisha akaenda kituo cha televisheni.

Mkuu wa kipindi alimpokea kwa heshima, akampeleka dirishani.

"Unaelekea wapi ule?"

"Leo, magharibi."

"Basi ulikosea."

"Jana ulielekea mashariki."

"Mama, shindano letu halina kipengele cha jana."

Alipokuwa anashuka, mchapaji wa kadi alimkimbilia kwenye ngazi, akihema. "Ni mimi niliyekosea kuchapa, mama. Nilimwambia mkuu siku tatu kabla. Akasema kadi ikishapigwa muhuri haifutwi, itatuletea aibu." Mpima mto akamwambia amesikia, akamshika bega, akaendelea kushuka.

Jumatano maji ya bomba yakatoka zambarau. Kiwanda cha nguo kilijengwa mashariki ya mji makusudi, ili rangi yake iende mbali na watu, na sasa ilikuwa inawarudia. Wenye shuka nyeupe walizoea kuwa na shuka za zambarau. Mpima mto akaandika kwenye safu ya maelezo: Mto umegeuzwa. Msimamizi wake akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake: Kawaida.

Jumamosi wakili alikuja na gari jekundu, macho chini.

"Mama, mimi nilibahatisha tu," alimwambia mama yake mpima mto. "Naomba walau nikupeleke kliniki."

Mama alikaa mbele. Njia nzima, kwenda na kurudi, alimweleza mto unaelekea wapi, na wakili aliitikia "ndiyo, mama" kila kona.

Mpima mto alirudi kwa mkuu wa kipindi mara mbili zaidi. Mara ya pili alipewa chai na kofia yenye nembo ya shindano.

Ijumaa iliyofuata mada ya duru ya mwisho ilitangazwa mapema, kwa ajili ya kuvutia watazamaji: milima. Familia zinazoishi kwenye miteremko ya kaskazini zilitoa vitanda na vyungu nje kabla jua halijazama, zikafunga mbuzi kamba fupi, zikaleta redio uani, zikakaa kusubiri jibu.