Kitabu Nilichokirudisha Bila Kukifungua

Mimi si msomi. Nimefanya kazi kiwanda cha samaki miaka thelathini na minane, na maoni yangu juu ya riwaya huyatoa asubuhi, nimekaa kwenye bwawa dogo la maji moto, maji shingoni, theluji kichwani. Hapa mjini kwetu kila jambo huamuliwa humo bwawani. Watu watano sita wameketi duara, mvuke unapanda, mmoja anauliza, "Haya Valdís, safari hii umesoma nini?" Nami nawaambia. Simvishi mtu kilemba cha ukoka.

Za karibuni, kwa mfano. Ile ya mchunga kondoo aliyepotea mlimani ni nzuri, ila kondoo wana akili kuliko mwenyewe. Ile ya mwalimu na nahodha ilinitoa machozi, kisha nikajikasirikia kwa kulia. Ile ya mauaji hotelini, muuaji nilimjua kabla hajaua mtu, maana mimi huanza na ukurasa wa mwisho. Ndiyo, nakiri. Tangu utotoni siwezi kuondoka bila kujua ninakokwenda. Kaka yangu Steinar alikuwa akinificha vitabu kwa ajili hiyo. "Wewe utakula hata samaki kuanzia mkiani," alikuwa akisema.

Steinar naye, miaka sita iliyopita, alitoa riwaya yake. Hapa Aislandi hilo si ajabu, ukirusha jiwe litampata mwandishi. Bwawani wakaniuliza, nikajibu, "Kitabu cha kaka yangu kinafaa sana kuwekea sufuria ya moto mezani." Watu walicheka hadi maji yakamwagika. Kabla ya adhuhuri maneno yalishamfikia. Hakunisemesha tena. Miaka sita, katika mji wenye maduka mawili tu ya chakula! Tukikutana kwenye rafu ya maziwa, yeye anageukia siagi.

Basi Krismasi iliyopita likaja furushi: "Kwa Valdís, kutoka kwa Steinar." Jamani, nikachana karatasi kwa meno. Ndani mna riwaya nene kama tofali, kurasa mia sita, ya mkulima anayetazama ukungu. Imo kwenye nailoni yake ya dukani. Hamna kadi, hamna hata salamu. Na anajua fika kwamba vitabu vya ukungu siviwezi! "Ala!" nikasema peke yangu. "Miaka sita kimya, halafu ananitumia kejeli."

Vitabu vya Krismasi huja na kibandiko cha duka, asiyekipenda chake akabadilishe. Tarehe ishirini na saba nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nikautua ule ukungu juu ya meza, nikachukua yale mauaji ya hotelini, nikarudi nyumbani kichwa juu.

Zikapita wiki tatu. Siku moja nachagua jibini, nikasikia mtu ananiita. Ni Sólrún, mke wa Steinar, na uso wake haukuwa wa heri.

"Valdís, hata kumjibu umeshindwa? Hata kusema 'sitaki' tu?"

"Kumjibu nini, wifi?"

"Barua, mama! Alikata ile nailoni kwa wembe, akaiweka barua kwenye ukurasa wa mwisho, akaibandika nailoni tena pole pole, jioni nzima. Nikamwambia aandike kadi kama watu wengine. Akasema, 'Yule? Ataanzia huko huko, ataiona kabla kahawa haijapoa.'"

Nikarudisha jibini kwenye friji.

"Sasa anakaa dirishani," Sólrún akasema. "Akisikia gari ananiuliza ni nani. Ni nani, ni nani, kutwa."

"Barua inasema nini?"

"Si yangu kusema. Kaisome."

Nilikimbia na magoti yangu haya hadi duka la vitabu. Kitabu kilishauzwa. "Amechukua Leszek, yule Mpoland wa kiwandani," muuzaji akaniambia. "Alitaka kinene kuliko vyote, anajifunza Kiaislandi."

Kesho yake alfajiri nikamkuta Leszek bwawani, kofia ya sufu kichwani, kitabu amekiinua juu ya maji kwa mikono miwili. Nikaingia, nikakaa karibu naye.

"Leszek, hicho kitabu kizuri?"

"Kibaya sana, Mama Valdís. Kurasa arobaini na moja, ukungu tu. Lakini sikiachi. Kila siku ukurasa mmoja na nusu."

Nikapiga hesabu: barua yangu angeifikia mwakani.

"Mwishoni hujafungua?"

"Mwishoni? Kwa nini? Sijafika."

"Nakusihi, mwanangu. Fungua."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba aibe, lakini akafungua. Barua ilikuwemo. Mikono yangu ilikuwa inatiririka maji, basi yeye akavua kofia, akajifutia vidole, akanishikia karatasi mbele ya macho huku amegeuza uso pembeni asisome. Theluji ikimwangukia kwenye upara. Mungu ambariki yule mtu popote aendapo.

Steinar aliandika kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka: "Dada, macho yangu yanazimika. Daktari wa mji wa Akureyri anasema ikifika kiangazi sitasoma tena. Sólrún hunisomea, lakini kwake kila kitabu ni kizuri. Namtaka mtu wa kuniambia ukweli. Njoo. Usipokuja nitaelewa, wala sitakusumbua tena."

Nililia pale pale, mbele za watu.

Nilifika kwake nywele zimeganda barafu. Alikuwa dirishani.

"Nani?"

"Mimi."

"Umechelewa."

"Nilikibadilisha dukani, Steinar. Sikukifungua."

"Hata mwisho?"

"Hata mwisho."

Akacheka, kile kicheko cha baba yetu, nami nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe bado. Aliinuka, akapapasa rafu, akatoa kitabu chembamba. Kilikuwa chake.

"Anza na hiki. Watu wote walinisifu, wewe peke yako ukanipasulia. Kwa hiyo wewe ndiye uliyekisoma kweli. Miaka sita najiuliza kiliharibikia wapi. Nionyeshe."

Ningeweza kudanganya, nikabuni sura ya tano au ya saba, asingejua.

"Steinar, nilisoma ukurasa wa mwisho tu."

Sólrún alisimama na birika la kahawa mkononi, hakumimina.

"Ukurasa mmoja," akasema kaka yangu.

"Mmoja. Na nusu yake ilikuwa picha yako."

"Sufuria ya moto, kwa nusu ukurasa!"

"Nisamehe, kaka. Nilitaka watu wacheke."

Vidole vyake vikazunguka pembe za kile kitabu. Kisha akakisukuma kwangu juu ya meza. "Ukurasa wa kwanza. Na ole wako uruke."

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza kuna msichana amejificha chini ya ngazi za nyumba ya mama yake, anasoma mwisho wa kitabu kwa tochi, na nje ya mlango kaka yake mdogo anagonga, anamwomba amwambie kinavyokwisha, maana yeye bado hajui kusoma. Nikafika hapo nikainua macho, nikamtazama.

"Endelea," Steinar akasema. "Bado sijasikia maoni."

Siku hizi bwawani wakiniuliza, nawaambia tupo ukurasa wa tisini, sura ya nne imerefushwa bure na mwenyewe nimeshamwambia. Leszek yupo wa mia moja na sita, kwenye ukungu. Yaliyobaki siyajui, wala sijachungulia.