Sahihi za Watu wa Bondeni

Maji yalipotoka yaliacha tope la kufika magotini, na fundi cherehani akalizoa kwa sinia siku tatu mfululizo. Cherehani yake ilikuwa imepona, maana aliwahi kuipandisha juu ya meza. Mama mkwe wake, ambaye kwa mwaka wa pili hakuwa akijiweza kitandani, hakumuwahi. Walimzika Jumanne. Jumatano diwani alifika akiwa amevaa buti za mpira ambazo hazijawahi kukanyaga tope.

"Dada yangu, mikono yetu imefungwa," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Jiji halina sheria. Haliwezi kutoza ushuru wa mafuriko, haliwezi kupanua mtaro, haliwezi kubomoa kinachoziba maji. Tunataka sheria ndogo, na baraza halitatusikia bila sahihi za wananchi."

"Na lile ghala?"

Hakuna mtu wa bondeni asiyelijua. Ukuta wake ulikuwa umekalia nusu ya mtaro kule juu, na mvua ikizidi, maji yaliyokosa njia yaligeukia vitanda vyao.

"Hilo ndilo la kwanza kuondoka. Wewe watu wanakuamini. Ukiwaambia, watatia."

Fundi akaweka nguo za wateja pembeni. Wiki mbili alizunguka nyumba hadi nyumba, akiandika majina kwa mkono wake, mistari imenyooka kama mshono. Waliosita aliwabembeleza. Kinyozi mzee, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikataa katakata.

"Karatasi ya serikali mimi siitii dole."

"Basi usiitilie serikali, baba. Nitilie mimi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akatia dole.

Sheria ikapita. Vigelegele vilipigwa, diwani akabebwa juu juu. Ushuru ulipoanza kutozwa sokoni, watu wa bondeni waliutoa bila kununa.

Mvua zilikuwa bado miezi miwili alipokuja karani wa jiji, na nyuma yake mtu wa kupaka rangi na kopo lake. Kabla fundi hajamaliza kuitikia hodi, mlango wake ulikwishachorwa alama nyekundu.

"Njia ya maji hii," karani alisema. "Mna siku kumi na nne."

"Njia ya maji ni kule juu, kwenye ghala!"

"Ghala lina kibali. Mtaro utapanuliwa upande huu."

"Nani amekubali?"

Karani hakuwa na ubaya wowote usoni. Alifungua jalada, akalamba kidole, akafunua. Kurasa zote zilikuwa za mwandiko wake fundi. Ukurasa wa mbele tu ndio ulikuwa mgeni, umepigwa chapa: *Wakazi walioridhia kuhama kupisha mradi.*

"Huu sikuuona mimi."

"Lakini sahihi ni zenu?"

"Ni zetu, ila..."

"Basi, mama."

Fundi alimpigia diwani simu mara nne. Ya tano akapokea, nyuma yake sauti za watu wakicheka.

"Dada yangu, si ulitaka jiji liwe na nguvu ya kubomoa? Sasa linayo. Tuliombee nguvu, halafu tuliambie lisiitumie?"

"Ulisema ghala."

"Mambo ya kitaalamu hayo. Niko kikaoni." Akakata.

Alipotoka nje, karani alikuwa anagonga kwa kinyozi na hakuna aliyefungua. Fundi akakimbia, akajipenyeza mbele yake. Alitaka mzee alisikie kutoka kwake kwanza, si kwa mtu wa jalada. Akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Nani?"

"Mimi, baba. Mimi fundi."

Komeo likavutwa papo hapo. Yule mpaka rangi akainama, akachovya brashi. Kinyozi alichungulia, akamwona fundi, akawaona watu wa jiji nyuma yake, na uso wote ukamkunjuka.

"Mwanangu! Kumbe umewaleta mwenyewe," alisema, akiufungua mlango wazi. "Haya, karibuni ndani. Wanaanza lini kulivunja lile ghala?"