Shahidi wa Pili wa Vale de Urzes

Ili apewe karatasi ya ukaazi, Etelvina aliambiwa na karani wa kata alete mashahidi wawili, wapiga kura wanaomfahamu, wathibitishe kwamba kweli anaishi kijijini Vale de Urzes. Hasira zikampanda. Miaka themanini na mbili yuko pale pale, halafu mtu wa ng'ambo ya mto anadai ushahidi!

Zamani nani angemuuliza? Vale de Urzes ilikuwa kata kamili, ina ofisi yake, muhuri wake, mipaka yake toka mtoni hadi kwenye mawe ya mlimani, na hati ya mfalme wa kale ambayo wote walijivunia na hakuna aliyewahi kuiona. Kisha vijana wakahamia Ufaransa, shule ikafungwa, na mwaka 2013 serikali ikaiunganisha na kata ya ng'ambo. Muhuri ukaondoka ndani ya mfuko wa plastiki. Siku ile hakulia mtu.

Bila karatasi hiyo, gari la chakula cha wazee lisingepanda hadi kwake. Na mwanawe Armindo alishasema: chakula kikikosekana, basi ni makao ya wazee mjini. Etelvina aliona heri afe.

Shahidi wa kwanza alimpata, mwuza mikate anayepita kila Alhamisi. Wa pili alimtafuta nyumba kwa nyumba, zote kufuli, mpaka akabaki na Belmiro. Lo! Belmiro yule waliyenuniana naye miaka kumi na tisa kwa ugomvi wa zamu ya maji ya bustani. Bustani zenyewe siku hizi ni magugu matupu.

Akameza kiburi, akabisha hodi. Belmiro akaisoma fomu polepole, akatia sahihi bila kejeli yoyote. Akamwambia kila asubuhi huchungulia kama moshi wa jiko lake umetoka, asije akawa amekufa peke yake. Etelvina hakujua atazame wapi. Akatazama sakafuni, akaona masanduku mawili yamefungwa kamba.

"Binti yangu ananichukua Jumamosi," Belmiro akasema. "Nakwenda kuishi Lyon, Ufaransa."

"Usiende, jirani. Mimi nitabaki na nani?"

Belmiro akamrudishia fomu yake.

"Amenibembeleza miaka mitatu, nakataa," akasema. "Mwezi uliopita nikakubali. Nilimwambia huku hakuna hata mtu wa kunisalimia."