Yohane Katangulia

Mume wangu Ramadhani ni malenga, na ni hilo lililonifanya nimpende. Siku hizi nikimwona ameshika kalamu, natoka chumbani.

Wanawake wa Ikuti walipochoka kuteka maji bondeni, walibeba majembe wakachimba mtaro wa bomba kutoka mlimani. Aliyewaongoza ni rafiki yangu Sekela. Yohane, diwani wao wakati ule, aliwaambia waache kiherehere, wasubiri mradi. Hawakusubiri. Mtaro ulikaribia kabisa kijiji pale ukingo ulipoporomoka, ukamfunika Sekela. Mwanawe Jenifer alikuwa mgongoni kwangu, hajaota hata jino.

Msibani Ramadhani alisoma utenzi. Ulianzia kwa mababu walioteremka milimani na moto wao, ukaja hadi kwenye bomba la Ikuti, na shujaa wake alikuwa Sekela. Watu wakaushika kwa moyo. Jenifer hana hata picha ya mama yake. Alichonacho ni ule utenzi, ambao bibi yake alimwimbia tangu akiwa mchanga, na humo ndimo alimojua kuwa alikuwa na mama, na mama wa namna gani.

Sasa Yohane anagombea ubunge. Alikuja kwetu Tukuyu, akala sahani nzima ya vitumbua vyangu, akafutia vidole kwenye kitambaa cha kochi, kisha akasema anautaka ule utenzi. Hakutaka mpya. Alitaka ule ule, ila shujaa awe yeye.

"Malafyale wote, machifu wetu wa zamani, walikuwa na watu wa kuwasifu," alisema. "Mimi nina kasoro gani?"

Akamwahidi mume wangu kumpeleka Dodoma akasome mbele ya wakubwa. Ramadhani akachekacheka, mabega yamemshuka, nikaona aibu kuwa mke wake.

Mgeni alipotoka tu nikamuuliza, "Baba Ali, utakubali?"

"Mkono mtupu haulambwi, mama Ali."

"Kwa hiyo wake unaulamba?"

Alishaanza kuhesabu mizani kwa vidole. Sekela, Yohane. Jina lilikaa pale pale bila kusogeza neno jingine, akanisomea huku anatabasamu:

*Yohane katangulia*
*Jembe kalishikilia*
*Mwamba ukamwachilia*
*Maji yakaja nyumbani.*

Ubeti mmoja tu ulimshinda, ule wa udongo kuporomoka. Mheshimiwa hakufukiwa na chochote, yuko hai na kitambi chake. Basi akaukata. Hivyo ndivyo Sekela alivyofukiwa mara ya pili, na safari hii na mtu anayekula chakula changu kila siku. Nilimwambia hivyo usoni. Akasema mashairi sina habari nayo, nirudi jikoni.

Siku ya mkutano wa kampeni nilikwenda Ikuti nimejiapiza. Akifika tu kwenye lile jina, nitasimama nimkatize mbele ya watu wote, ndoa ivunjike kama ni ya kuvunjika. Nikajipenyeza mpaka mbele. Yohane alikuwa jukwaani anachokonoa meno, ametoka kula nyama na ndizi kwa mwenyekiti.

Mshereheshaji akatangaza utenzi. Nikakaa tayari. Ramadhani hakuinuka. Aliyepanda jukwaani alikuwa Jenifer, na sare mpya ya shule, nywele zimesukwa.

Mume wangu alikuwa akimfundisha kwa siri, na anamjua mke wake. Mimi nitamzomea yeye, lakini mtoto nitamzomeaje?

Jenifer alisoma kwa sauti nyembamba, iliyonyooka, mikono nyuma. Alipofika kwenye jina alisita kidogo tu, kisha akasema Yohane, na umati ukapiga vigelegele. Wanawake walioshika majembe na Sekela nao walipiga, vitenge vya kampeni viunoni. Bibi yake alisimama akaitika, "Ndaga fijo!" akimshukuru Mheshimiwa kwa ile sare. Na Yohane akatoa leso, akalia. Wallahi nilimwona, machozi ya kweli, analilia ushujaa wake mwenyewe. Nikabaki nimekaa, maana mtoto alikuwa bado anasoma, na macho yake yalikuwa yananitafuta mimi.

Baadaye alikuja mbio, akanikumbatia kiunoni.

"Mamkubwa, umenisikia? Sijakosea hata mahali pamoja!"

"Nimekusikia, mwanangu."

"Pale kwenye jina nusura nimtaje mama. Nikajizuia." Akainua uso, anang'aa kwa furaha. "Baba Ali amesema nisijali, nikirudiarudia, jina la mama halitanijia tena."