Kidonge Chini ya Meza

Kila asubuhi, mama akishampa mwanawe kidonge na maji, alimtegea kitendawili. Mtu hawezi kujibu vizuri huku kaficha kidonge chini ya ulimi. Ndivyo alivyoamini kwa miaka kumi na minne, tangu kijana alipoanza kusikia sauti za watu wasiokuwapo, akalazwa wodini miezi mitatu, akarudi kakonda hata mbwa wa jirani hakumtambua.

"Kitendawili."

"Tega."

"Weupe wamejipanga mlangoni, mwekundu kalala ndani."

"Meno na ulimi. Mama, hicho umenitegea tangu sijaota hayo meno." Akapanua kinywa, akainua ulimi. "Umeridhika, askari?"

Mtaa mzima ulimwita kijana huyo Fundi Saa. Meza yake ilikuwa sebuleni, karibu na dirisha, na skrubu zake, ndogo kama chawa, alizipanga kwenye kifuniko cha chupa.

Jumatatu moja, akifagia, mama aliokota kidonge cheupe chini ya ile meza. Kumbe anavitema, alijisemea. Meno yote yale ananionyesha bure.

Akakifunga kidonge kwenye pindo la kitambaa chake, akaanza kumchunguza mwanawe. Mbona leo kafunga dirisha? Mbona kaguna, anamgunia nani? Kijana alipokwenda chooni, mama akasimama nje kusikiliza kama atatema.

"Mama, uko mlangoni?"

"Natafuta ufagio."

"Ufagio si umeushika? Nasikia unakwaruza sakafu."

Kesho yake mama akakata shauri. Atampa kidonge cha asubuhi kama kawaida, halafu kingine atakisaga kwa mgongo wa kijiko na kukikoroga kwenye chai ya mchana, sukari tele. Akitema kile, hiki kitamwingia. Akafanya hivyo siku nane.

Fundi Saa akaanza kusinzia mezani. Mikono ikamtetemeka, skrubu zikamponyoka. Akamrudishia mteja saa bila kuifungua. Mama akajiambia: ndiyo hiyo, ugonjwa unarudi.

Siku ya kliniki, muuguzi alimwaga vidonge vya kwenye chupa juu ya trei, akavihesabu mara mbili. "Vimepungua vinane. Kaka, unajiongezea?"

"Sijiongezei, sista. Nameza kimoja, namjibu mama kitendawili chake, basi."

"Na mikono hiyo? Nitamwita daktari. Huenda ukalazwa."

Fundi Saa akamgeukia mama yake. "Mama, waambie."

Mama akafungua pindo. "Anavitema. Hiki nilikiokota mwenyewe."

Muuguzi akakiinua kwenye mwanga. "Hiki kina mstari katikati. Vyake havina. Wewe, mama, unatumia dawa gani?"

"Ya presha tu."

"Unaimezea wapi?"

Macho ya mama hayaoni vizuri. Dawa yake huimezea pale dirishani, mezani kwa mwanawe, kwenye mwanga. Angenyamaza, kijana angerudi wodini.

"Vile vinane nilimtilia mimi," alisema. "Kwenye chai."

Daktari akampima kijana, akamruhusu aende nyumbani, arudi baada ya siku tatu. Muuguzi hakumwacha mama bila onyo: dawa ya mtu haifichwi kwenye chai yake.

Walikuwa wamefika getini kwao.

"Ile chai ilikuwa chungu," Fundi Saa alisema. "Nikadhani ndiyo akili yangu tena, inaniambia nawekewa kitu. Nikajilazimisha kuimaliza."



Asubuhi iliyofuata chupa ya dawa ilikuwa mezani kwa fundi, kando ya skrubu. Alimeza kidonge chake mwenyewe, akapanua kinywa bila kuombwa. Kisha akamsogezea mama yake kiti, maji, na kile kidonge chake chenye mstari.

"Meza. Kitendawili."

"Tega, baba."

"Weupe wamejipanga mlangoni."

"Wamebaki watatu," alisema mama, akapanua kinywa. Mwanawe akavaa lenzi yake ya kazi, mkono ukitetemeka bado kidogo, akainama kutazama.