Harusi ya Picha

Mimi ni gaidi. Ndivyo wanavyoniitaga vijijini, maana neno la Kiingereza la mtu anayeongoza watalii likipita kwenye ulimi wa kwetu linatoka hivyo, na nimechoka kuwasahihisha. Jina langu ni Hyasinta Magesa. Nimezaliwa Manyamanyama, Bunda, nimepanga chumba Buhare kule Musoma, na kazi yangu ni kuwapeleka wazungu mahali ambapo wazungu wengine hawajafika. Kampuni yao iko Ulaya huko, inauza safari za utamaduni kwenye nchi za mbali na za hatari. Kabla ya kuja kwetu mgeni anasaini kurasa kumi na mbili za bima. Nilipoisoma ile karatasi nilicheka mpaka nikakohoa. Hatari gani Mara? Labda mbu, na shangazi zangu.

Safari hii waliomba kuona harusi ya kimila. Sasa nani anafunga ndoa kwa ratiba ya watalii? Nikajifanya mjanja. Wiki tatu kabla nilikwenda kijiji kimoja mbele ya Butiama, kwa Bibi Shida. Ni mjane, kazaa mabinti watano, wote wameolewa, na mtoto wa kiume hana. Mji wake ni mzuri, una ng'ombe na mashamba ya pamba, na ndugu wa marehemu mumewe wanasubiri tu afumbe macho waugawane. Alikuwepo pia shemeji yake, mzee Machibya, mkubwa wa ukoo.

Nikawaambia, "Wageni wangu wanataka harusi ya picha."

Nilimaanisha ya kuigiza, ya kupigwa picha basi. Lakini kwa kilugha chetu kuigiza nitakuitaje? Neno lililo karibu ni kudanganya, na huwezi kuwaambia wazee unakuja kudanganya uani kwao. Wakatazamana. Bibi Shida akauliza, "Bibi harusi ni nani?" Nikasema ni mimi. Mzee Machibya akauliza, "Baba yako nani?" Mzee Magesa wa Manyamanyama. Nilijibu yote kwa mdomo wangu huu, tena nikitabasamu. Mjinga mie!

Jumatano tulifika na wageni wanne, mkubwa wao mama mmoja mwenye kofia pana aitwaye Ingrid, na dereva wetu kaka Baltazari. Uani palijaa watu. Nikaona safi, leo watu wamejitokeza. Wanawake wakanivua viatu, wakanipaka samli kuanzia shingoni, wakanifunga kitambaa kipya, wakanibana bangili ya shaba mkononi kwa koleo mpaka nikauma meno. Huku nimeshikwa na kugeuzwa, nilikuwa natafsiri. "Hapa bibi harusi anapakwa samli. Hapa anavalishwa bangili, haitavuliwa tena." Nikawaeleza kwamba bibi harusi wa kwetu lazima alie na kukataa, hata akimbie kidogo ashikwe, maana asiyelia anaonekana hana adabu. Wakaandika kwenye vidaftari vyao.

"Na bwana harusi yuko wapi?" akauliza Ingrid.

Basi nikawaeleza kwa mbwembwe habari ya nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume anaoa mke, anamtolea mahari kama mwanaume, na watoto watakaozaliwa wanabeba jina la mji wake, ili mji usifutike. Bibi Shida alikuwa amekaa kwenye kigoda, kavaa gauni lake la kanisani, ananitazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Nikasema moyoni, huyu bibi anajua kuigiza kuliko sisi wote.

Saa kumi Baltazari akawasha gari. Sheria ya kampuni inataka gari liwe limefika lami kabla ya giza. Nikafuta samli, nikatafuta viatu vyangu. Havipo.

"Wageni waende salama," Bibi Shida akasema. "Mke wangu anabaki."

Nikacheka. Nikasubiri na wengine wacheke. Wanawake walikuwa wameshakaa chini kwenye lango, kundi zima, miguu wameinyoosha, na kumruka mama mzima aliyekaa hivyo kwetu haifanyiki hata kama nyumba inaungua.

"Mzee, si tulikubaliana ni harusi ya picha?" nikamwambia Machibya.

"Na picha zimepigwa," akajibu. "Mpaka na wazungu. Nani kijiji hiki aliwahi kuolewa na picha zote hizi? Tumekupa heshima, mwanangu. Na ng'ombe walifika kwa baba yako Jumamosi, wote wazima."

Jamani! Nikakumbuka simu ya baba ya Jumamosi. "Hongera mwanangu, umetutoa aibu." Nilidhani ananipongezea kazi ya wazungu.

Nikamgeukia Ingrid, nikamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba hili siyo onyesho tena, wananizuia kweli, naomba msaada. Nililia, sikuona haya. Akaweka mkono kifuani, macho yakamlowa. Akasema hajawahi kuona kitu cha kweli namna hii. Halafu wote wanne wakanipigia makofi. Nilipomshika mkono akanipapasa bega, akaniambia nisichoke, nimeigiza vizuri sana.

Nikakimbilia kwa Baltazari. "Kaka Balta, fungua mlango."

Hakunitazama. "Dada Hyasinta, mimi njia yangu ndiyo hii kila wiki. Nikikuchukua mke wa watu, hapa nitapita tena? Begi lako nitalileta Ijumaa."

Wanawake wakakusanya miguu, gari likapita, wakainyoosha tena. Ingrid alikuwa bado ananirekodi dirishani. Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Wageni wa nchi ya hatari hao wanaondoka salama, wamebeba na picha!

Nikampigia baba. "Rudisha ng'ombe za watu, leo hii!"

"Ng'ombe gani, mwanangu?" Sauti yake ilikuwa ya furaha bado. "Walishakwenda Jumapili kwa baba yake Diana. Felisian kaoa."

Nikakaa chini kwenye vumbi. Felisian ni kaka yangu. Miaka minne amempenda Diana, msichana wa Butiama, na miaka minne baba wa msichana alikuwa anamfukuza kwa fimbo kwa sababu hana hata ndama. Mwaka huu alishampangia Diana mzee mmoja mwenye wake watatu, mzee aliyempiga mke wake wa pili mpaka akamtoa jino mbele za watu sokoni. Diana mwenyewe ndiye aliyewahi kunisimulia, tumekaa stendi ya Bunda tunasubiri basi. Hakula chochote siku ile.

Nikasema, "Baba, mimi sikukubali. Nilikuwa kazini."

Nilisikia watu wakinong'ona, halafu simu ikachukuliwa na mtu mwingine.

"Shikamoo wifi," Diana akasema. "Nimesikia. Nilikuwa napika hapa." Akavuta pumzi. "Kama ni makosa, ni makosa, wewe huna hatia. Mimi nilikujaga na kanga mbili tu. Nizifunge?"

Hakulia, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Angelia ningemgombeza. Nilimtaka aniombe, nimkatalie, nirudi Buhare nikalale kitandani kwangu. Nilitaka sana kusema funga. Nalisema wazi, nisije nikaonekana mwema. Neno lilifika kwenye meno.

Bibi Shida alikuwa amesimama langoni, mkono mmoja kaushika mti wa kufungia. Ni mzee kweli. Ningemsukuma angeanguka.

"Wifi?" Diana akaita. "Unanisikia?"

"Usifunge," nikasema.

Bibi Shida akauachia ule mti. Akaniambia niingie ndani nisipigwe na baridi, akaenda kuwasha moto. Wanawake nao wakainuka, wakakung'uta vumbi kwenye nguo, wakaenda zao. Lango waliliacha wazi.