Mtani Chini ya Gari

Gari la Xavery lilisikika kabla halijaonekana. Lilikuja likigonga kogo kogo kwenye mashimo ya mtaa wa Ng'ambo, likayumba hadi mbele ya gereji, na fundi Selemani, aliyekuwa na kikombe cha kahawa mkononi, akatema mate pembeni. Lilikuwa gari dogo jeupe, au lililowahi kuwa jeupe, lenye umri wa mtu mwenye watoto wa shule.

“Mpagazi umefika,” alisema. “Umelibeba kichwani au limetembea lenyewe?”

“Limetembea, mla nazi. Limekuja kuona kama siku hizi una akili.”

Hakuna aliyenuna. Xavery alikuwa Mnyamwezi wa Goweko, mkulima wa tumbaku. Selemani alikuwa Mzaramo, japo kazaliwa hapo hapo Ng'ambo na pwani kafika mara mbili tu. Tangu enzi za misafara, babu wa huyu akishuka pwani na mizigo na babu wa yule akimpokea, makabila hayo ni watani, na mtani hutukana apendavyo. Kwa miaka kumi na moja wawili hawa walikuwa wameitumia ruhusa hiyo mpaka ikachakaa.

Xavery alitaka usukani utengenezwe upesi, maana ulikuwa unakwenda kulia yeye akitaka kushoto. Binti yake Yustina alikuwa ameruhusiwa hospitali asubuhi hiyo, na mtoto wa siku nne mikononi. Saa nane awachukue, awapeleke Goweko, vumbi na makorongo mpaka nyumbani.

Selemani akaingia chini ya gari, na huko dharau yake ikapata chakula. Tairodi, zile fimbo zinazopeleka habari ya usukani kwenye magurudumu, zilikuwa zimelegea kama meno ya kibogoyo mtarajiwa. Bushi mbili, vile vipira vinavyozuia chuma kisigonge chuma, zilikuwa zimechongwa kwa ndala ya bluu, na alama ya kidole gumba bado ilionekana. Fundi gani wa kishenzi alifanya hivyo, Selemani hakutaka hata kuuliza. Akabadilisha tairodi zote mbili huku akitukana kwa sauti, na Xavery akamjibu kutoka juu, akitafuna karanga.

Kisha akapiga jeki chini ya mkono wa gurudumu la kushoto, akapenyeza mtarimbo chini ya tairi, akainua. Gurudumu likapanda peke yake, upana wa kidole, kabla kitu kingine chochote hakijasogea. Akakwangua matope. Boljointi ya chini, kile kifundo cha chuma kinachoshika gurudumu lisilale, ilikuwa imezungushiwa mpira wa baiskeli na kukazwa kwa waya. Akaukata kwa kisu. Ndani hamkuwa na grisi. Mlikuwa na mchanga, na gololi iliyolika mpaka inacheza tunduni mwake.

Selemani akatoa kichwa nje.

“Nani kafunga hii?”

“Mimi, mwezi uliopita. Baiskeli yangu niliifunga hivyo hivyo, ikaenda miaka sita.”

“Xavery, hii imekufa. Ikichomoka njiani gurudumu linalala, na usukani unabaki mkononi mwako hauna kazi. Nipe saa moja. Spea iko duka la jirani.”

Xavery akacheka. “Mwaka jana ulisema breki zimekufa. Juzi ukasema injini. Gari hili limekufa mara nyingi kuliko ukoo wako wote.”

“Leo nasema kweli.”

“Na juzi ulisema kweli vile vile.”

“Basi nitakuja kukuchimbia kaburi mimi mwenyewe, mpumbavu wewe.”

“Si ndiyo kazi ya mtani? Uchimbe refu, sitaki kukunja miguu.” Akacheka mpaka karanga zikampalia. Akaingia garini, akaagiza jeki ishushwe.

Selemani alishikwa na hasira, na hakuwa na pa kuipeleka. Kila tusi alilolijua alikuwa ameshalimaliza kwa mtu huyu, bure, kwa ajili ya waipa na taa za nyuma. Akimwita mjinga, mjinga atacheka. Akificha ufunguo, huo nao ni utani. Mwaka juzi alimchukulia Xavery jogoo mzima bila kuomba, na wakamla pamoja. Mgeni asiyemjua angeambiwa neno moja na angeelewa. Alimdharau Xavery kwa moyo wote, halafu, bila kupenda, akajidharau mwenyewe zaidi.

Akafuta mikono. Akavua kofia, akasogea dirishani kwa dereva, akainama kidogo.

“Shikamoo, baba Yustina.”

Mkono wa Xavery ukasimama kwenye ufunguo. Alimzidi fundi miaka tisa, na kwa muda wote waliojuana hakuwahi kuamkiwa na mdomo ule. Wazee wote wa Ng'ambo Selemani aliwaamkia, hata asiowapenda. Huyu, hapana.

“Una nini wewe?”

“Nakuomba, mzee wangu. Usimpakie mtoto humu.”

Xavery aliutafuta mzaha usoni mwa fundi, machoni kwanza, kisha mdomoni, na hakuuona. Karanga zilizobaki akazirudisha mfukoni. Akashuka.

Selemani alikuwa ameshika nyundo, kwani boljointi haitoki bila kipigo. Hakuitumia. Alivuta kwa mkono tu, gololi ikachomoka tunduni, gurudumu likaegemea nje. Alipokwisha kukifungua kifundo chote, alimpa Xavery, akaenda dukani.

Aliporudi na boljointi mpya alimkuta amekaa juu ya tairi kuukuu. Alikuwa akiichomeka gololi na kuichomoa, akiichomeka na kuichomoa.

“Jumapili nilimleta nalo Yustina,” alisema. “Uchungu umemshika. Nililikimbiza njia nzima.”

Selemani alitafuta tusi la kumtuliza nalo. Hakulipata. Akafunga boljointi mpya, akakaza, kisha akahamisha jeki akaanza kukagua upande wa kulia.